Bwana Pembeni Hapangi Laini

Laini ya watu mpakani Busia ilikuwa imejikunja mara mbili ndani ya jengo, mkia wake ukabaki nje juani. Mashine ya kusoma vitambulisho ilikuwa imelala, kama kawaida yake siku za soko, na bwana wa dirishani alikuwa anaitazama kama mtu anayemtazama ng'ombe wa jirani akifa. Hakuna aliyeuliza kitu. Watu wa mpaka wamefundishwa kusimama, na wakubwa wamewafundisha vizuri.

Ndipo sauti ikatoka kule nyuma, nzito, ya puani, kama ya mtu aliyejaza nyama mdomoni.

"Nipisheni pembeni. Mimi si mtu ya laini."

Laini nzima ikacheka. Watu wakapasuka kati kama kitambaa kinachochanwa, na katikati yao akapita mwanamke mwenye dera la manjano ya embe bivu, ushungi mweusi wenye shanga ndogondogo usoni, ndara za bluu, na mfuko mkubwa wa fulana begani. Hata askari wa mlangoni alimpigia saluti ya mzaha. Ila mwanamume mmoja tu hakusogea. Alikuwa mrefu, mkavu, koti lake la kijivu limefifia mabegani, na amekumbatia maikrofoni aliyotoka kuitengenezesha upande wa Kenya. Mwanamke akamfikia kifuani.

"Mzee, hujasikia? Mimi si mtu ya laini."

"Nasikia, nyabo," akasema, kama Waganda wamwitavyo mama kwa heshima. "Rudi nyuma. Hapa watu nasimama tangu asubuhi."

"Wee. Kumbe bado kuna mtu hajamwona Bwana Pembeni."

Watu wakazidi kucheka. Askari naye akaona asikose raha hiyo. "Mama Fulana, unajua unabishana na nani? Huyo ndiye Pembeni mwenyewe. Hudhaifa, yule anayemsemea kwenye kibanda cha filamu kwa Jamiru."

Mwanamke akajiziba mdomo. Macho yake yalibaki nje ya kiganja, makubwa, yanacheka bado lakini kwa aibu sasa. Badala ya kwenda mbele wala kurudi nyuma, akajipenyeza nyuma yake palepale na kuweka mfuko chini. Mfuko ukatoa harufu ya pamba mpya na marashi.

"Basi nimeruka nusu tu," akasema. "Nusu ingine nimekuachia wewe. Mimi naitwa Aidah."

Mashine ilipoamka na laini kuanza kutambaa, Hudhaifa alikuwa amekwisha kumpa namba ya simu, na hakumbuki aliombwa vipi.

Kazi ya Hudhaifa ilikuwa kusemea filamu. Filamu ikija na Kichina, Kihindi, au Kihispania, yeye hukaa kando ya skrini akaisemea yote kwa Kiswahili cha mpaka: bwana, bibi, mtoto, mbwa, hata mlango ukifungwa vibaya anausemea. Lugha zenyewe hazijui. Shule aliiacha darasa la nne huko Tororo. Anachosoma ni nyuso. Na mtu huyu mwenye sauti za watu wote hao, akifika chumbani kwake hufungua kufuli kimya, akapika chai ya kikombe kimoja, na hakuna wa kumwambia pole na kazi.

Mke wake Sakinah alifia kwenye laini. Alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali, mimba imemgeuka, wamebaki wanawake wachache mbele yake, na Hudhaifa amempa bega aegemee. Ikaingia gari yenye bendera ndogo. Akashuka mkubwa mmoja, tumbo mbele, na binti yake aliyejikata kidole. Nesi akamwambia kwa adabu kwamba kuna laini. Yule bwana hakukasirika. Alicheka, akasema, "Mimi si mtu ya laini," akapita pembeni, na daktari pekee aliyekuwepo akamfuata. Kidole kilifungwa vizuri sana. Daktari aliporudi, bega la Hudhaifa lilikuwa limebeba uzito mwingine.

Nani aliulizwa? Hakuna aliyeulizwa. Wale hawaulizwi.

Kwa hiyo ilipokuja ile filamu ya bosi wa bandari, mwenye viatu vyeupe na koti la manyoya, anayekula zabibu mbele ya watu wenye njaa, Hudhaifa alijua cha kufanya. Muuza filamu alimweleza kwamba kule ilikotoka waliitengeneza kwa kejeli, ili wezi wa nchi ile wajione walivyo. Hudhaifa akambatiza bosi yule Bwana Pembeni. Akampa sauti ya mkubwa wa hospitali, kicheko chake, na yale maneno yake. Alitaka watu wateme mate.

Watu wakaanguka kwenye mabenchi kwa kicheko. Kabla masika hayajakatika, pikipiki za Busia zilikuwa na picha ya Pembeni kwenye vikinga-matope, na vijana wakikutana mmoja anasema "Pembeni," mwenzake anajibu "Pita." Filamu ile huisha bosi akizama chooni na dhahabu zake. Wengine walikuwa wanatoka nje mapema ili wasimwone akifa. Mwishowe Jamiru, mwenye kibanda, akawa anaikata kabla ya choo. Wateja wanarudi nyumbani na huzuni, alisema, na mimi siuzi huzuni.

Aidah alipiga simu kesho yake, na kesho kutwa, na ikawa mazoea. Alikuwa ameachika, anakaa Burumba upande wa Kenya kwa kaka yake Shafic, na ana mashine ya kuchapa maandishi kwenye fulana. Alipenda kuongea huku anakula kitu.

"Halo, Mheshimiwa. Umekula?"

"Nakula."

"Unakula ama umekula? Nyinyi wa upande huo Kiswahili mmekiacha barabarani."

"Kilibebwa na wakubwa. Sisi walituachia maganda."

Hapo alicheka mpaka akakohoa, na Hudhaifa akajikuta anatabasamu peke yake mbele ya sufuria. Ilikuwa zamani sana tangu amchekeshe mtu kwa sauti yake mwenyewe. Ijumaa moja Aidah akavuka, wakaenda wote Tororo. Alivaa dera la kijani lenye maua meupe, wanja umekolea, hina mpya vidoleni, na walipokaa kula chini ya ule mwamba mkubwa unaosimama juu ya mji alimchambulia samaki miiba bila kuulizwa, kama watu waliozoeana miaka. Alimuuliza kuhusu mke wake. Hudhaifa akasema alifariki hospitali, akaishia hapo. Aidah akamwekea kipande kingine cha samaki.

Tatizo lilikuwa moja. Kila simu, kabla ya kukata, Aidah aliomba kitu kilekile.

"Nisemee kwa sauti yake. Kidogo tu, mpenzi."

"Sauti yangu ina nini?"

"Yako ni ya kuombea maiti. Nisemee."

Alimsemea. Upande wa pili kilitoka kicheko kitamu, kile alichokitafuta siku nzima, na hakikuwa chake. Simu ikikatika, Hudhaifa hubaki ameishika kama mtu aliyemwingiza mwanamume mwingine nyumbani kwa mpenzi wake, tena akamfungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Na mwanamume huyo ndiye yuleyule aliyempita Sakinah.

Siku moja mchana Aidah alipiga akiwa kazini, mashine inafoka nyuma yake. Alisema ana oda kubwa na anataka ukweli. Ni "mtu ya laini" ama "mtu wa laini"? Amechapa chache kwa "wa" na wateja wanazikataa, wanasema siyo yenyewe. Shafic naye anasema "ya" ni aibu, wataonekana hawakusoma.

"Ni ya," Hudhaifa akasema.

"Una hakika? Maana Kiswahili sanifu ni..."

"Sanifu najua. Yeye alisema ya."

"Nani alisema? Si yule kwenye filamu anaongea Kihispania?"

Hudhaifa akakata simu, akailaza kifudifudi mezani.

Alikaa na jambo hilo mpaka likamshinda. Akaona avuke, amweleze uso kwa uso maneno yale aliyatoa wapi. Akanunua simsim ya kusaga, ule ufuta ambao Aidah aliusifu siku ile ya Tororo, akapiga pasi koti lake, akapanga laini, akavuka.

Kibanda cha Aidah kilikuwa kimejaa. Fulana zilining'inia mpaka barabarani, kila moja na uso wa Pembeni na zabibu zake, na chini yake maneno kwa herufi nyekundu: MIMI SI MTU YA LAINI. Katikati ya vijana wa pikipiki alisimama mheshimiwa mmoja anayetaka kiti uchaguzi ujao. Alikuwa ameivaa moja juu ya shati lake, tumbo limevuta herufi mpaka zimeanza kupasuka. Alikuwa anacheka, kicheko cha mtu anayesifiwa. Hii ndiyo inanifaa, aliwaambia, nitawavisha vijana wangu wote. Wakampigia makofi.

Hudhaifa alimvuta Aidah nyuma ya mashine. Alikuja na habari ya Sakinah mdomoni, lakini yaliyotoka ni mengine.

"Huyu ndiye tunamcheka. Na wewe namvisha."

"Amelipa kama mteja mwingine."

"Huoni? Amevaa matusi yake mwenyewe, na watu napiga makofi."

Aidah akajifuta jasho kwa ncha ya ushungi. Tangu alfajiri alikuwa hajakaa. "Hudhaifa, unadhani watu hawajui Pembeni ni mwizi? Wanajua. Wamesimama kwa maji, wamesimama kwa kitambulisho, wamesimama hospitali. Wakiingia kwa Jamiru wanampata mtu mmoja ambaye hasimami. Wanakaa ndani ya lile koti lake kidogo, wanasikia joto, wanatoka. Ulitaka wapende nini? Laini?"

Hudhaifa akakimbilia swali aliloliogopa siku zote.

"Na wewe nampenda nani? Mimi ama yeye?"

Aidah angeweza kusema neno la kutuliza, na neno lilikuwepo. Lakini wateja walikuwa wanaita, miguu inauma, na swali lenyewe lilimchoma, maana nani anamuuliza mwanamke mzima swali kama hilo mbele ya vijana wa pikipiki.

"Yeye angalau anajua kunichekesha," akasema.

Hudhaifa akaweka simsim juu ya meza, akatoka. Hakumwambia ilikuwa ya nini.

Wiki ile kibandani alijaribu kumuua Pembeni kwa mdomo. Alimpa sauti nyembamba ya mgonjwa. Kila bosi yule akitokea, Hudhaifa aliwaeleza watu kwamba huyu ni mwizi, huyu anakula chakula chenu, mcheke nini. Watu wakaanza kunong'ona, kisha kupiga mabenchi, wakidai Pembeni wao arudishwe. Mmoja akamwambia kama anataka kuhubiri aende msikitini. Jamiru akaja akazima maikrofoni, akamshika bega bila hasira. Alimwambia apumzike, anaonekana mtu asiyelala.

Akarudi Tororo, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya marehemu baba yake. Huko vumbi la kiwanda cha saruji hukaa juu ya majani, juu ya madirisha, juu ya chai ukiichelewesha. Asubuhi alimwagilia kaburi la Sakinah, mchana alikaa kizingitini. Simu aliiweka gotini. Ikitetemeka ni kampuni ya simu, inamtangazia bahati. Wakati mwingine, kwa mazoea tu, alisemea vitu vilivyopita mbele yake, kuku, mpita njia, mbuzi wa jirani, kwa sauti ndogo. Alipogundua hakuna anayesikia alinyamaza katikati ya sentensi na kumwacha mbuzi bila maneno.

Kule Burumba Aidah alikuwa anamalizia oda ya mheshimiwa. Kila alipokandamiza mashine, ile "YA" ilitoka nyekundu, imekaa vibaya, na kila mara swali lilirudi. Nani alisema? Mtu hang'ang'anii kosa la kubuni namna ile. Kosa la kubuni ungelirekebisha. Lile alilisikia mahali.

Akapiga. Hudhaifa hakupokea. Akapiga tena.

"Sina maneno mengi," akasema. "Nani alisema 'ya'?"

Hudhaifa akamweleza. Alimweleza kwa sauti yake ile ya kuombea maiti: benchi, gari yenye bendera, kidole cha yule binti, kicheko, bega. Hakumsemea mkubwa. Alipofika kwenye yale maneno aliyasema kama yeye mwenyewe, na yakawa hayachekeshi kabisa.

Nyuma ya Aidah mashine ilikuwa inatoa mlio mkali.

"Fulana inaungua," Hudhaifa akasema.

"Wacha iungue."

Baadaye Aidah akaongea polepole. Oda ya mheshimiwa imekwisha kubebwa, ziko migongoni mwa watu, hawezi kuzivua. Hataki kumdanganya. Ila kitu kimoja anataka kujua, na kama ni kibaya asimjibu.

"Sakinah yeye alisema nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Watu wote huuliza mkubwa alikuwa nani, gari gani, mbona hukushtaki.

"Aliuliza tu. 'Bado mbali?' Alikuwa naangalia mlango. Mimi nasema, karibu tunafika."

"Ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia hivyo."

Akamsikia Aidah akilia, na kwa mara ya kwanza Hudhaifa hakujiona analia peke yake.

Jumapili iliyofuata, mchana, Hudhaifa alikaa tena kando ya skrini ya Jamiru. Alikuwa ameomba vitu viwili tu: arudishe sauti ya Pembeni kama walivyoipenda, na asizimiwe maikrofoni. Kibanda kilijaa mpaka mlangoni, mabati yanawaka. Aidah aliingia kimya, akakaa benchi la nyuma, amejifunika ushungi wa kahawia usio na shanga.

Pembeni akatokea na viatu vyake vyeupe, watu wakapiga mluzi. Ikafika ile sehemu ya bandarini, watu wamejipanga wanasubiri mkate, na yeye anawapita. "Nipisheni pembeni," Hudhaifa akasema kwa ile sauti nzito, na kibanda kizima kikamalizia pamoja naye, watoto kwa wazee: mimi si mtu ya laini.

Sasa pale pembeni ya picha, kwenye ile laini ya mkate, kuna mwanamke mwenye mtandio wa kijani. Hasemi neno filamu nzima. Anageuka tu kumtazama Pembeni akipita, kisha anatazama mbele. Watu walikuwa wamemwona mara nyingi na hawakuwahi kumwona. Hudhaifa akasogeza maikrofoni karibu, akamsemea, kwa sauti laini iliyochoka.

"Bado mbali?"

Na kijana aliyesimama nyuma yake kwenye laini, naye hana neno, akamjibu: "Karibu tunafika, mama. Egemea."

Pembeni aliendelea kula zabibu na kufungua mdomo, Hudhaifa hakumsemea. Kibanda kilikaa hivyo, picha inaongea bila sauti, mtu mmoja mbele akajikohoza. Kisha kijana wa nyuma akapiga kelele, "Pembeni, sema," na baadhi wakacheka, na filamu ikaendelea na mambo yake. Hudhaifa akamsemea tena Pembeni mpaka mwisho, na mwisho huo Jamiru akasahau kuukata. Wengine walisikitika bosi alipozama. Lakini mama mmoja mzee, akitoka, alisimama mbele ya Hudhaifa akamshika mkono, akauliza yule wa mtandio mkate aliupata? Hudhaifa akasema filamu haionyeshi. Mama akatikisa kichwa, akaenda zake.

Nje Aidah alikuwa anamsubiri kwenye jua. Alimwambia twende kwetu ukanywe chai, vikombe viko viwili.

Mpakani mashine ilikuwa imelala. Laini imejikunja, mkia nje. Askari alipomwona Aidah akainua mkono tayari kwa mchezo. "Mama Fulana, pita basi."

"Leo nimepanga laini," Aidah akasema, akasimama nyuma ya Hudhaifa, kwenye mkia kabisa.

Mbele yao alisimama kijana wa pikipiki aliyevaa ile fulana ya mheshimiwa. Mgongoni imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba yeye si mtu ya laini, na jasho limeilowesha hapo alipokaa kwenye laini juani. Hudhaifa aliisoma, akaisoma tena. Hakuchukia. Alimhurumia tu mwenye mgongo.

Kijana huyo alikuwa ametoka kwa Jamiru siku ile. Akachungulia mbele, akaona dirisha haliendi, akasema kwa nguvu, "Bado mbali?" Watu wachache waliokuwa kibandani wakacheka. Mwingine kule kati akayachukua maneno hayo, na mwingine, mpaka yakafika dirishani, na yule bwana akainua uso kwa mara ya kwanza, akaona anatazamwa na laini nzima.

Hudhaifa alisikia maneno ya Sakinah yakipita mdomo kwa mdomo kama kitu cha mzaha. Mkono wenye hina ukaingia ndani ya mkono wake, ukabaki humo.

"Sema kitu," Aidah akamnong'oneza.

"Kwa sauti gani?"

"Hiyo ya kuombea maiti."

Akavuta pumzi. "Aidah, ukikubali, nakuja kwenu kuongea na ndugu zako."

Aidah alimtazama, macho yale makubwa yamelowa, kisha yakaanza kucheka.

"Ndugu zangu ni wengi," akasema. "Itabidi upange laini."

Kijana wa fulana akasogea hatua moja, nao wakasogea.